Klementina, Mtoto wa Chenza na Chungwa

Msikilizaji, klementina ganda lake hubanduka kwa kidole gumba tu, na mara nyingi haina mbegu. Ilizaliwa Algeria, karibu na Oran, katika bustani aliyoitunza mtawa Clément Rodier: mama chenza, baba chungwa tamu. Ukinunua, pima kwa mkono. Chagua iliyo nzito, maana ndiyo yenye maji.

Mezani penye hewa hudumu siku chache hadi wiki. Kwenye friji, wiki mbili hivi. Tafadhali usizioshe kabla ya kuzihifadhi, wala usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Unyevu huleta ukungu. Kagua kila siku: ukiona doa laini lenye vumbi la kijani, itoe hiyo upesi, uzifute zikauke zile zilizoigusa.