Farasi wa Kwanza wa Mtoto



Katibu aliniomba niseme juu ya utumishi wa serikali. Niwieni radhi, nitasema juu ya farasi, maana wengi mmeniuliza habari za mkono wa kijana wangu.

Nilimnunulia farasi wa miaka 4 aliyetolewa katika mbio. Alikuwa mzuri wa kutazama na bei ilikuwa nafuu. Nilimkuta ametandikwa tayari, jasho limemtoka, mpole kama kondoo. Sikuuliza kwa nini. Wiki ya pili upepo ulipeperusha mfuko wa nailoni. Farasi akatimka, mtoto akaanguka, mkono ukavunjika.

Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na miaka 2 au 3, na alichofundishwa ni kukimbia. Mtoto mwenye hofu humbana kwa miguu na kuvuta hatamu. Naye huongeza mwendo.

Sasa tunaye maksai wa miaka 16. Safari hii nilifika bila taarifa, nikamkuta malishoni. Nilitaka akamatwe na kutandikwa mbele yangu, apandwe na mwenyewe kwanza, awaache wenzake, apite penye magari. Daktari wa mifugo akampima miguu, macho na pumzi. Ana kovu gotini, wala si wa kupigia picha. Kijana alinuna siku mbili.

Jumamosi iliyopita pikipiki iliwapita karibu sana. Mzee yule aliinua sikio moja, akaendelea na mwendo wake.