Uso Usio na Picha

Somo: Isaya 49:14-16



Hapa Kasigau huwa tunawafundisha watoto wa shule ya Jumapili kuchora uso. Kwanza yai, ncha nyembamba iwe chini. Kisha mistari miwili hafifu: mmoja toka utosini hadi kidevuni, wa pili ukiukata katikati. Macho hukaa juu ya mstari huo wa pili. Watoto hushangaa, maana wao huyaweka juu, karibu na nywele. Lakini pima kwa vidole: macho yako nusu ya kichwa. Na kati ya jicho na jicho, acha nafasi ya jicho moja. Mwishowe mistari hufutwa.

Siku moja mzee mmoja alisimama mlangoni akitazama. Akasema, "Mchungaji, basi nichoree nyanya yangu. Alikuwa miongoni mwa watu wa Kasigau ambao Waingereza waliwahamishia Malindi mwaka 1915, wakiwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani. Wengi walikufa huko, naye pia. Hakuacha picha."

Tukachora yai. Tukachora mistari. Tukauliza, "Mzee, pua yake ilikuwaje?" Akanyamaza. Hakupata kumwona. Nasi tukabaki na chaki mkononi.

Ndugu, yai na mistari ni ya watu wote, bali uso ni wa mtu mmoja. Wale waliohukumu jamii nzima kwa shaka waliishia kwenye yai. Hawakumtazama mama huyu usoni. Nasi je? Tusemapo, "Ukoo ule ndivyo ulivyo," au, "Vijana wa leo ni wale wale," si tumeishia kwenye yai?

Sayuni alidhani Bwana amemsahau. Isaya atuambia kwamba Bwana alimjibu kuwa hata mama aweza kumsahau mwanawe, ila Yeye hasahau; amemchora katika viganja vyake. Tukamwambia yule mzee, "Sisi hatuwezi kumchora nyanya yako. Lakini yuko amjuaye uso wake." Akaitikia kwa kichwa, akaomba tusilifute lile yai siku hiyo. Hatukulifuta.

Juma hili, mtafute mmoja uliyemhukumu pamoja na wenzake. Keti naye, umtazame.

Tuombe. Ee Bwana, utujuaye mmoja mmoja, utupe macho ya kuona nyuso za wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.