Mtoto Akiungua: Maji Kwanza, Dakika 20

KIPINDI CHA AFYA YA FAMILIA
Mazungumzo ya mtangazaji

(MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUKA POLEPOLE.)

MTANGAZAJI: Jambo kwa ninyi wa Base Camp, wa Rubondo na wa Juru, na kwa wote mnaotusikiliza hapa Nakivale. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, karibuni. Na ninyi watoto mlio karibu na redio, leo msitoke nje kucheza. Kipindi cha leo ni chenu pia, na mtaona kwa nini.

Leo tunazungumza juu ya moto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Lakini sisi tunaujua moto hata bila hesabu hiyo. Tunapikia chini, kwenye mafiga matatu au kwenye jiko la makaa, lile wengine wetu tunaita mbabula. Nyumba ni ndogo. Anayejifunza kutembea na sufuria ya maharagwe wako mahali pamoja.

Basi, mtoto akiungua kwa maji ya moto, uji, mafuta au makaa, tunafanya nini kwanza?

Jibu ni moja: maji. Maji ya baridi ya kawaida, si barafu. Mmwagie pale palipoungua, polepole, bila kuacha, kwa dakika 20. Ngozi hubaki na joto ndani hata baada ya kuiondoa kwenye moto. Kwa macho unaona ajali imekwisha, kumbe nyama ya ndani bado inaungua. Maji ndiyo yanayotoa joto hilo. Ukiyaanza mapema, kidonda hakiendi chini sana na maumivu hupungua. Na kama umechelewa, usiseme basi tena: maji bado yanasaidia mpaka saa tatu baada ya ajali.

(SAUTI YA MAJI YAKIMWAGIKA KWENYE BESENI. SEKUNDE 5.)

MTANGAZAJI: Najua unachojiuliza, mama. Dakika 20 za maji, na mimi nina bidoni moja tu, nimepanga foleni asubuhi yote?

Swali hilo ni la kweli. Fanya hivi. Chukua beseni safi, weka mkono au mguu wa mtoto juu yake. Teka maji kwa kikombe, mimina juu ya kidonda, yaangukie kwenye beseni. Teka tena kutoka humo humo, mimina tena. Yakianza kuwa na uvuguvugu, ongeza kidogo ya bidoni. Kama aliungua kifuani au mgongoni, lowesha kitambaa safi, mwekee, na kibadilishe kila kinapopata joto. Ni yale maji safi unayotumia kumwogesha. Usihesabu dakika kwa kukisia, maana mtoto akilia dakika tano huonekana kama saa nzima. Tazama simu, au mwambie jirani atazame.

Wakati unamwagia, mvue nguo iliyolowa maji ya moto. Mvue bangili na shanga, kwa sababu mwili utavimba. Lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute, iache. Na kama ni mtoto mchanga, au aliungua sehemu kubwa, mwagia palipoungua tu, kwingine mfunike kitenge asipate baridi. Akianza kutetemeka, acha maji, mfunike na umkimbize kituo cha afya.

Na kama nguo yenyewe imeshika moto, asikimbie. Mlaze chini, mfunike na blanketi zito, mviringishe mpaka moto ufe. Kisha maji.

Sasa tuje kwenye lile ambalo majirani wataleta. Mmoja atakuja na dawa ya meno. Mwingine mawese. Mwingine ute wa yai, unga, majivu, au manyoya ya sungura. Wote wanakuja kwa upendo, na wengi wetu tulipakwa hivyo tulipokuwa wadogo. Waambie asante, lakini hapana. Mafuta na dawa ya meno hufungia joto ndani. Majivu na manyoya huingiza uchafu kwenye nyama iliyo wazi. Na ukifika kituo cha afya, muuguzi itabidi ayasugue yote yatoke ndipo aone kidonda, na maumivu hayo ni ya mtoto wako. Malengelenge pia usiyapasue. Yale ni bandeji ya mwili wenyewe.

Baada ya maji, funika kidonda bila kukaza, kwa kitambaa safi kilichofuliwa au kipande cha mfuko safi wa nailoni. Vidole viweke kitambaa katikati, kimoja kimoja. Vidole vilivyoungua vikiachwa pamoja huweza kupona vimeshikana, na mkono hauwezi tena kushika kalamu wala jembe.

Nenda kituo cha afya, hata usiku, kama ni mtoto wa chini ya miaka 5 na ametoka malengelenge. Nenda kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe. Nenda kama ni usoni, shingoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo vinavyokunja. Nenda kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na hailalamiki ukiigusa. Kutouma huko si nafuu, maana yake moto umefika mbali. Nenda kama alivuta moshi na anakohoa, au ni umeme. Beba kadi ya chanjo, wataangalia kinga ya pepopunda. Anayenyonya aendelee kunyonya njiani. Kama hujui pa kupita, gonga kwa VHT wa kijiji chako.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Sasa nasema na watoto wakubwa. Wewe wa miaka tisa, kumi, kumi na miwili. Siku ya mgao mama yuko kwenye foleni tangu alfajiri. Baba ameenda kutafuta kibarua. Anayebaki na moto na mdogo wake ni wewe. Kwa hiyo daktari wa kwanza ni wewe. Mdogo wako akiungua: mtoe kwenye moto, mwagia maji, piga kelele jirani aje. Hayo matatu tu.

Na wazazi, hapa nawaomba kwa heshima. Mtoto anayejua kwamba atapigwa kwa kumwaga maji ya kunywa hatayamwaga. Anayejua atapigwa kwa sababu mdogo wake ameungua atakimbia kujificha, au atamfunika mdogo wake na kusema amelala. Dakika 20 zinapita, saa zinapita. Leo jioni waite watoto wako, uwaambie wazi: mtu akiungua, maji yote ya nyumba hii yana ruhusa, na hakuna atakayepigwa. Ruhusa hiyo haigharimu kitu, lakini lazima itolewe kabla ya ajali.

Na mama ambaye mtoto wake ameungua asisimangwe. Akiogopa maneno ya watu, atachelewa kutoka nyumbani.

Kabla sijaaga, mambo manne ya kuzuia. Chora duara kuzunguka jiko, hatua moja kubwa, na mdogo asivuke. Maji ya kuogea, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye, maana mtoto hutumbukia wakati umeenda kufuata ya baridi. Majivu usiyatupe na makaa ya moto ndani, yamwagie maji, watoto wanapita miguu mitupu. Na kibatari au mshumaa usilale unawaka karibu na turubai.

Turudie pamoja. Mtoto akiungua, kwanza nini? Maji. Kwa muda gani? Dakika 20. Tunapaka nini? Hatupaki kitu. Tunafunika, tunaenda.

Kama jirani yako hana redio, mpelekee maneno haya leo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto aliyepaliwa na chakula. Mubaki na amani.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA. MWISHO.)