Mkuki Uliorudishwa
Dominika ya 7 ya Mwaka C
(1 Sam 26:2, 7–9, 12–13, 22–23, 1 Kor 15:45–49, Lk 6:27–38)



Tulipokuwa tukiwafundisha vijana wa kipaimara Injili ya Dominika hii, mmoja wao aliinua mkono na kutuuliza swali ambalo hatukulitarajia. "Padre, kama ni lazima kumpenda adui, mbona Static anampiga Hotstreak?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukumjua huyo Static ni nani. Tulimwomba atusimulie, naye akasimulia vizuri kuliko tunavyosimulia sisi habari za Wafalme.

Static ni shujaa wa hadithi za michoro zilizoanza kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1993 na kampuni ya Milestone, iliyoanzishwa na Wamarekani weusi, Dwayne McDuffie akiwa mmoja wao. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2004 hadithi hizo zilionyeshwa kama katuni za televisheni, na hizo ndizo alizozitazama kijana wetu. Jina la shujaa huyo nyumbani kwao ni Virgil Hawkins. Nalo ni jina la mtu wa kweli: Virgil D. Hawkins, aliyeomba mwaka 1949 kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Florida, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1958, baada ya kesi ndefu, akakubali kuliondoa ombi lake mwenyewe ili mlango ufunguliwe kwa weusi wengine. Habari hiyo peke yake yatosha kwa mahubiri ya siku nyingine.

Katika katuni hizo Virgil ni mwanafunzi wa sekondari, hodari darasani, aliyefiwa na mama. Mama huyo aliuawa kwa risasi wakati magenge yalipokuwa yakipigana mitaani. Shuleni yuko mbabe mmoja, Francis Stone, anayempiga na kumdhalilisha. Kiongozi wa genge jingine anajitolea kumlinda, lakini si bure: siku ya mapigano anamwita na kumtia bastola mkononi. Kijana ambaye mama yake aliondolewa duniani na chombo kama hicho anaitupa. Mara polisi wanaingia, kemikali zilizohifadhiwa mahali pale zinalipuka, na moshi wake unawafunika wote. Virgil anatoka na nguvu za umeme. Francis anatoka na moto mikononi, anajiita Hotstreak, na anarudi mitaani kulipiza kisasi kwa kila aliyewahi kumuudhi.

Ndugu zangu, moshi ulikuwa mmoja. Francis alikuwa akiwaunguza wenzake kwa maneno na ngumi kabla hajaupata ule moto. Naye Virgil, kwa maoni yetu, alishinda mapema, pale alipoitupa bastola akiwa bado mnyonge asiye na nguvu yoyote ya ajabu. Watazamaji hupenda kungojea radi na cheche. Sisi tulimwomba kijana arudie mara mbili habari za bastola.

Lipo na jambo la pili. Mara ya kwanza Static alipokutana na Hotstreak, alishindwa. Umeme wote ule mwilini, na bado alipouona uso wa yule aliyempiga shuleni, hofu ya zamani ilimrudia. Aliyepata kuonewa utotoni hahitaji kufafanuliwa neno hili.

Sasa tumtazame Daudi. Alipokuwa kijana katika nyumba ya Sauli, akipiga kinubi, mfalme alimrushia mkuki ili ambane ukutani. Leo twamwona Sauli yuleyule katika jangwa la Zifu, na watu elfu tatu, akimwinda. Usiku umeingia, jeshi limelala usingizi mzito uliotoka kwa Bwana, na mkuki wa mfalme umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Abishai ananong'ona kwamba pigo moja latosha, hatahitaji la pili. Abishai hana ubaya. Ni rafiki anayempenda Daudi. Kisasi mara nyingi hutujia kwa sauti ya rafiki.

Tusidhani kwamba jaribu hili ni la wafalme na mashujaa tu. Sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo shule ya bweni, tulikuwa na mkubwa mmoja aliyetumwagia ndoo ya maji kila tulipotoka kuteka, kisha akatuamuru turudi kisimani. Miaka mingi ilipita. Siku moja tukiwa paroko, mtu huyo aliingia ofisini akiomba cheti cha ubatizo cha mwanawe. Hakututambua. Mhuri ulikuwa mezani, mbele yetu. Tulimwambia asubiri kwenye benchi, naye akasubiri tangu asubuhi hadi saa saba mchana, wala hapakuwa na sababu. Mhuri nao ni mkuki. Tulimpa cheti, lakini ile benchi tuliipeleka kwenye kitubio.

Twarudi kwa swali la kijana. Je, kumpenda adui ni kunyamaza? Bwana wetu alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu, hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza: alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga. Kwa hiyo tulimjibu kijana kwamba Static alipomzuia Hotstreak asiteketeze mtaa hakuivunja Injili. Angeivunja kama angeendelea kumpiga baada ya moto kuzimika.

Tulidhani tumemaliza. Yeye akauliza tena, taratibu, "Na kama unalala naye bweni moja?"

Hapo hakuna aliyecheka. Tulitambua kwamba tangu mwanzo hakuwa akiuliza habari za katuni.

Basi tulimsomea tena mwisho wa somo la kwanza, sehemu ambayo wahubiri huipita haraka. Daudi alipouchukua mkuki na gudulia la maji, alivuka upande wa pili, akasimama juu ya mlima, mbali, pakiwa na nafasi kubwa kati yao. Toka huko ndiko alikomwita mfalme. Aliurudisha mkuki, lakini hakuupeleka mwenyewe. Alisema aje kijana mmoja auchukue. Na baada ya mfalme kukiri kosa na kumbariki, Daudi hakurudi kukaa katika nyumba yake. Alimsamehe, akashika njia yake.

Baada ya somo tulibaki na kijana yule chini ya mwembe mpaka jioni. Kwa ruhusa yake tulizungumza na wazazi, kisha tukamwendea mwalimu mlezi wa bweni. Mpaka asubuhi hii tunapozungumza nanyi, wale wawili bado hawajapatana. Mwenzake amehamishiwa bweni jingine. Kijana wetu anasema anamtaja katika sala za jioni, ingawa kwa shida, na kwamba siku hizi anapata usingizi.