Likizo Katika Kisiwa cha Pemba

 Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kisiwa cha Pemba: bustani zake, pwani zake, na ndege wake. Wengi wetu tukilisikia jina la Pemba hufikiri karafuu tu, wala si ajabu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini ile ya Pemba ilisalimika zaidi. Na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zimekuwa zikitoka Pemba. Lakini viko vitu vingine huko ambavyo havikupandwa na mtu, wala havipatikani pengine po pote duniani. Hivyo ndivyo hasa nitakavyowaeleza.

Nilialikwa kwenda Pemba katika likizo ya Desemba na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu katika chuo cha ualimu, ambaye kwao ni upande wa kaskazini, si mbali na mji wa Wete. Tulipanda meli Unguja, tukashuka Mkoani, bandari iliyo kusini, kisha tukaingia garini, tukapita Chake Chake mpaka kufika Wete. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Vilimani mna mikarafuu na minazi, mabondeni mna mpunga, na njia hupanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al Jazira al Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na mtu akifika baada ya mvua za vuli hana haja ya kuuliza sababu.

Tulibisha hodi jioni. Wazee wa rafiki yangu, babu yake na bibi yake, walitupokea kwa furaha nyingi, na baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za watu wa huku na huku, tulikaribishwa barazani. Nyumba yao imezungukwa na bustani ambayo mwalimu wa kilimo angeweza kuifanya darasa. Mbele ya mlango pana mwasumini na mrehani. Kando ya njia, mlangilangi, ambao harufu ya maua yake huzidi usiku. Nyuma ya nyumba, migomba, mdalasini, mfenesi na mshokishoki. Na karibu na uwanja wa kuanikia karafuu, mwembe mmoja mkubwa wa kale, wenye majani mazito hata mchana chini yake ni kama magharibi.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Wachumaji walipanda mikarafuuni asubuhi na mapema, wakavuta matawi kwa upembo, wakayakata mashada kabla maua hayajafunguka. Kwa maana karafuu iliyokwisha kufunguka haina thamani. Jioni, watu wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, huketi kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande huu. Kisha karafuu huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, zikageuka kutoka rangi ya kijani na wekundu zikawa za kahawia. Mvua ikitokea, wote hukimbilia majamvi, na mgeni naye hukimbia. Mali ya mwaka mzima imo juani.

Asubuhi ya pili, nilipokuwa nikinywa chai barazani, niliona kijindege cheusi chenye kung'aa kwa zambarau kikifyonza maua. Rafiki yangu akaniambia, "Huyo ni chozi. Kwenu bara wako chozi wa namna nyingi, lakini huyu wa kwetu hayuko kwenu." Kisha akanionyesha kundi la vindege vidogo vya rangi ya manjano na kijani, kila kimoja kina duara jeupe kuzunguka jicho, vikiruka kutoka mti hata mti kwa kelele ndogo ndogo. Wenye elimu ya ndege wa siku hizi huwaita kinengenenge, na hawa wa Pemba nao ni kabila lao peke yao.

Huenda mwanafunzi mmoja ataniuliza, "Imekuwaje ndege wa hapo wasiwe sawa na wa ng'ambo, na ng'ambo ni karibu?" Jibu limo katika bahari. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu. Zamani sana, maji ya bahari za dunia yalipopungua kwa kuwa mengi yaligeuka barafu kaskazini na kusini ya dunia, Unguja ilikuwa imeungana na bara, na wanyama walivuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Maji yalipopungua, Pemba ilibaki kisiwa vile vile. Chui hakufika. Na ndege wachache waliofika kwa kuruka, walizaliana wao kwa wao miaka mingi isiyohesabika katika miti ile ile, hata wakawa mbali na ndugu zao wa bara kwa rangi na kwa sauti. Leo wenye elimu wanahesabu namna nne za ndege zisizopatikana ila Pemba: huyo chozi, huyo kinengenenge, ninga wa Pemba, na bundi wa Pemba.

Siku ya tatu tulikwenda kaskazini kabisa, tukapita katika msitu wa Ngezi. Msitu huu ulihifadhiwa na serikali, na ukubwa wake ni hekta 1,440 hivi. Hapo kale sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa msitu kama huo, lakini miti ilikatwa ili kupata nafasi ya mikarafuu na vyakula. Mle ndani mna baridi na kimya, na mna mpapindi, mti wa jamaa ya minazi, ambao kwao hasa ni Pemba. Hapo ndipo nilipomwona ninga, mgongo na mabawa ya kijani, kichwa na kifua cha kijivu, akila matunda ya mti mrefu. Alikaa kimya hata nisingemtambua kama tunda moja lisingalianguka mbele ya miguu yangu.

Ukitoka msituni unafika pwani ya Vumawimbi. Jina linajieleza lenyewe: pepo za kaskazi zilikuwa zimeanza, na mawimbi yalivuma. Mchanga ni mweupe na laini kama unga, mrefu mpaka macho yachoke. Maji yalipokupwa walishuka vitwitwi wengi, wakikimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi. Alikuwako pia ndege mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake ni kaa. Basi angalieni ajabu hii. Baadhi ya vitwitwi wale huzaa Siberia, katika nchi za barafu, na huja kwetu kukimbia baridi. Na yule mla kaa huzaa katika pwani za Oman na Ghuba, huchimba tundu mchangani, akataga humo yai moja. Ndege hao ni wasafiri kama mabaharia wa majahazi. Wana kwao na wana ugenini. Lakini ninga niliyemwacha msituni nyuma yangu hana ugenini. Pemba ikimkataa, hana mlango mwingine wa kubisha hodi.

Rafiki yangu akasema kwamba neno hilo si la kubuni tu, kwani karibu limtokee kiumbe mmoja wa Pemba, naye ni popo. Siku ya nne akanipeleka Kidike kuwaona. Popo, kama mjuavyo, si ndege, ni mnyama anyonyeshaye. Na huyu wa Pemba ni mkubwa sana, akikunjua mabawa hupata kama mita moja na nusu. Mchana hulala wameninginia juu ya miti kwa mamia, manyoya yao mekundu kama kutu, wakijipepea kwa mabawa na kugombana. Usiku huenda kula matunda, na kwa kuangusha mbegu huku na huku huipanda miti mingine.

Hapo zamani waliwindwa kwa ajili ya nyama, kwa bunduki na kwa nyavu, na miti waliyolala ilikatwa. Idadi yao ikapungua mno, hata katika mwaka 1996 waliandikwa katika orodha ya dunia miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Basi watu wa vijiji kadhaa waliunda vyama vyao, wakakubaliana kutowaua popo na kutoikata miti yao. Miaka haikuwa mingi, popo wakaongezeka, wakapita 20,000. Na katika mwaka 2008 orodha ile ile iliwahamisha katika daraja lenye hatari ndogo zaidi. Walioyafanya hayo ni wakulima na wavuvi, wenye embe zao na mafenesi yao, ambayo popo huyala kila usiku.

Sasa nitawaeleza jambo lililotukia nyumbani kwa wenyeji wangu, kwani ndilo lililonifundisha kwamba kuhifadhi ni neno jepesi mdomoni tu. Usiku wa tano mjukuu mmoja wa nyumba ile, mtoto wa miaka minne, alishikwa na homa kali. Na usiku ule ule bundi alilia katika ule mwembe wa uwanjani: hu, kisha kimya, kisha hu tena. Ninyi nyote mwajua pwani yetu inavyomfikiri bundi. Mama wa mtoto akalia. Babu akasimama, akasema, "Asubuhi mwembe huu unakatwa. Kila siku unanitilia kivuli karafuu zangu, na sasa unamweka mwita mauti." Na kweli, kivuli cha mwembe kilifunika robo ya uwanja tangu saa tatu mpaka saa tano za asubuhi, sikuweza kusema hasara ile haipo.

Mgeni hana neno katika nyumba ya watu. Lakini Babu akanigeukia, akaniuliza, "Wewe mwalimu wasemaje?" Nikamjibu, "Babu, mtoto na mwembe ni mambo mawili. Mtoto apelekwe hospitali usiku huu huu. Mwembe hauna miguu, kesho tutaukuta." Likatafutwa gari kwa jirani, na mtoto akapelekwa Wete na wazazi wake.

Sisi tuliobaki hatukulala. Alfajiri Bibi, ambaye usiku kucha hakusema neno, alimwambia mumewe, "Bundi huyu, au baba yake, alikuwa akilia katika mwembe huu tangu siku nilipoletwa hapa bibi arusi. Watoto wangu sita wamekua chini yake. Kama kila kilio chake kingekuwa maiti, kijiji hiki kingalibaki na nani?" Babu hakujibu. Akachukua shoka, akauzunguka mwembe mara mbili akiangalia juu. Kisha akamwita kijana apande, akamwonyesha matawi mawili ya upande wa mashariki, yale yaliyozuia jua la asubuhi. Hayo yakakatwa, na mengine yakaachwa.

Mtoto alirudi siku ya tatu, amekonda, lakini akiomba embe. Na usiku ule bundi alilia tena. Mama wa mtoto akamvuta mwanawe karibu, wala sikumlaumu, kwani hofu ya kale haiondoki kwa usiku mmoja. Babu alisikiliza kidogo, kisha akaendelea kuchambua karafuu.

Wasikilizaji wangu, sikuwaeleza haya ili mtu aache mashamba yake yawe msitu. Watu wa Pemba wanaishi kwa karafuu, na karafuu hutaka jua. Lakini kati ya kukata mti wote na kukata matawi mawili pana nafasi, na katika nafasi hiyo yule bundi, ambaye hayuko katika nchi nyingine yo yote, alipata pa kukaa. Kabla ya kuinua shoka, au manati, au bunduki, yafaa mtu ajiulize: Kiumbe huyu ana kwao kwingine, au hapa ndipo peke yake?

Nanyi wanafunzi, likizo ijayo mkienda kuwatembelea jamaa, iwe kisiwani au milimani, chukueni daftari. Waulizeni wazee majina ya ndege watano wa pale, na kila mmoja hula nini, hulala mti gani, na huonekana mwezi gani. Andikeni. Wazee wanayajua mengi ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya shule, nao hufurahi wakiulizwa. Mkirudi shuleni msomeeni mwalimu wenu, na mkate shauri pamoja kama mmoja wa ndege hao sasa haonekani tena mahali alipozoea kuonekana, na kwa sababu gani.