Friji Isiyoshika Baridi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi kuhusu utunzaji wa friji nyumbani



Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto la hapa Pwani hupita nyuzi 30. Ndio msimu ambao friji nyingi hulemewa. Maziwa yaliyonunuliwa jioni huamka yameharibika, samaki hunuka kabla ya adhuhuri, na mama anayeuza maji ya matunda hupoteza mtaji wa siku. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, hasara si ya pesa peke yake. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto hupoteza nguvu, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kwa hivyo isiwekwe karibu na friza.

Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kutoa joto lililo ndani na kulimwaga nje, kupitia yale mabomba membamba yaliyo nyuma yake au yaliyofichwa ubavuni. Joto likikosa pa kutokea, ndani hakupoi, hata kama mashine inanguruma usiku kucha. Mwenye kulielewa hilo ataelewa hatua zote zinazofuata.

Kwanza, apime. Kipimajoto kiwekwe ndani ya gilasi ya maji, rafu ya katikati, kilale humo usiku mmoja. Asubuhi kisome nyuzi 4 au chini yake. Friza inatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Pili, atazame kitufe cha kurekebisha baridi. Katika friji nyingi, nambari kubwa ndiyo baridi zaidi. Mara nyingi mtoto amekigusa, au kimesukumwa na sufuria.

Tatu, mahali friji iliposimama. Isiegemee ukuta, wala isikae kando ya jiko au palipo na jua la dirishani. Iachiwe nafasi ya takriban sentimita 10 nyuma ili joto lipate kutoka. Nguo na magunia yasirundikwe juu yake.

Nne, vumbi. Friji ichomolewe kwenye soketi, kisha mabomba ya nyuma yapanguswe kwa brashi laini kila baada ya miezi 6. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, au yenye paka, isingoje muda huo. Wanaoishi karibu na bahari watazame pia kutu, kwa maana upepo wa chumvi hula chuma.

Tano, mpira wa mlango. Noti ya shilingi 50 ibanwe mlangoni, kisha ivutwe. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya joto inaingia hapo. Jaribio hilo lirudiwe pande zote nne. Pengine mpira una mafuta na uchafu tu, nao utaoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.

Sita, barafu. Ikifikia unene wa nusu sentimita kwenye kuta za friza, friji izimwe, mlango uachwe wazi, na barafu iyeyuke yenyewe. Kisu kisitumike kamwe. Bomba la gesi limepita ndani ya ukuta huo, na tundu dogo kama la sindano latosha kuiua friji.

Saba, upangaji. Chakula kinachotoa mvuke kisiingizwe moja kwa moja. Kigawanywe kwenye vyombo vidogo kipoe upesi. Lakini kisisahauliwe mezani zaidi ya saa mbili. Vitu visibanane, wala visizibe matundu ya kupitishia hewa.

Iko hali moja inayowashangaza wengi: friza inagandisha vizuri, lakini chini kuna joto. Kwa friji yenye feni, mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa. Ichomolewe na kuachwa wazi kwa siku nzima, kisha iwashwe. Ikirudia baada ya siku chache, kifaa cha kuyeyushia barafu kina hitilafu, na hapo ni kazi ya fundi.

Kuhusu stima, ikipotea, mlango usifunguliwe. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hutunza kwa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Stima inaporudi, friji isiwashwe papo hapo. Ingojewe dakika 5 hadi 10. Penye umeme unaopanda na kushuka, kile kifaa cha kuchomeka kati ya friji na soketi ili kuilinda hugharimu kidogo kuliko kompresa mpya.

Sasa fundi. Aitwe iwapo kompresa ni ya moto na ndani hakuna baridi, iwapo inawaka na kuzimika kila mara kwa mlio wa 'tik', au iwapo kuna harufu ya kuungua. Akisema, "gesi imeisha, naongeza," mwenye friji amuulize: imetokea wapi? Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ina maana pana uvujaji. Kuongeza bila kuziba ni kulipa mara mbili. Fundi mwema hutafuta tundu, huliziba, huondoa hewa yote, kisha hupima gesi kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji.

Kibandiko hicho kikiandikwa R600a, tahadhari iongezwe. Gesi hiyo hushika moto. Madirisha yafunguliwe, jiko lizimwe, asivute mtu sigara, na asiguse mabomba hayo asiyefunzwa kazi hiyo.

Mwisho, nyama, samaki, maziwa au wali uliopikwa, ukikaa saa nyingi ndani ya friji isiyo na baridi, usihukumiwe kwa pua. Vijidudu vinavyouguza si lazima vitoe harufu. Ni afadhali kumwaga sufuria moja kuliko kumkimbiza mtoto hospitalini usiku.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi, kitambaa chenye sabuni na noti ya shilingi 50 vinatosha kuanza ukaguzi huu leo jioni.