Miaka Saba Ikitimia



Tumeombwa tuseme juu ya uraia wa Kenya, maana miongoni mwa wanaosali hapa wamo waliotoka India kwa vibali vya kazi, na watoto wao hawajui kwao kwingine.

Katiba ya 2010, kifungu cha 15, yasema aliyeishi Kenya kihalali kwa miaka 7 mfululizo, akitimiza masharti ya sheria, anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Kuomba: miaka 7 ikitimia, hakuna afisa atakayekuja kupiga hodi. Wazee wetu walilijua hili kwa uchungu. Baada ya Uhuru, waliozaliwa hapa lakini wazazi wao wakazaliwa kwingine walipewa hadi tarehe 12 Desemba 1965 wajiandikishe. Wengi walingoja. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, wakajikuta wageni ndani ya maduka yao wenyewe. Baadhi ya jamaa waliotawanyika wakati ule hawajakutana tena.

Ukaazi wa kudumu ni jambo jingine. Huweza kuombwa na aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka 7 na kuishi nchini miaka 3 ya mwisho bila kukatiza. Ni hadhi njema, ila haimpi mtu kura.

Lipo la kupima kwanza. Kenya yaruhusu uraia wa nchi mbili, India hairuhusu. Anayeuchukua uraia wetu kwa hiari huupoteza ule wa kwao, ingawa anaweza kuomba kadi ya OCI ya kuingilia India bila viza. Kwa mwenye wazazi wakongwe Gujarat, huo si uamuzi wa jioni moja, wala hatutamlaumu anayeukataa.

Sheria ya 2011 yamtaka mwombaji pia azifahamu haki na wajibu wa raia, na aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Sharti hili hudharauliwa. Kiswahili cha kupatana bei ya bamia kipo. Cha kujieleza mbele ya afisa ni kingine. Twaiomba kamati itenge ukumbi kila Jumamosi baada ya aarti ya jioni, na majirani twawaomba mje mtusahihishe ngeli bila huruma. Chai ni juu yetu.